Shangazi, suti yangu ni moja na kazi ni ya kila siku

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 26. Kwa miaka mitatu nimefanya kazi stoo, kupokea mizigo na kuihesabu. Huko tulivaa ovaroli na fulana za kampuni, kwa hiyo asubuhi sikuwa na la kufikiria. Kabatini kwangu kuna jinzi, fulana na nguo mbili tatu za sherehe, basi.

Sasa nimepandishwa cheo. Nimehamia ofisini, kwenye dawati la wateja wakubwa, na barua ya uteuzi inasema tu nivae "mavazi rasmi ya kiofisi". Hakuna aliyenifafanulia zaidi ya hapo. Mshahara utaongezeka, ila nyongeza yenyewe nitaanza kuiona baada ya miezi ya majaribio, na katika huu nilio nao namlipia mdogo wangu ada.

Nilicho nacho ni hiki: suti nyeusi ya sketi niliyoendea usaili, na sketi yake imeanza kung'aa huku nyuma, blauzi mbili, moja nyeupe na moja ya maua, na jozi moja ya viatu vyeusi vya kisigino kirefu ambavyo ikifika saa sita mchana nimeshavivua chini ya meza. Mama amenipa koti lake la zamani la kijivu, la sufu. Ni zuri sana, lakini mabega yake yamejaa mno, nikilivaa naonekana kama nimeazima mwili wa mtu.

Wiki jana mwenzangu mmoja aliniuliza mbele ya watu, "Hivi wewe na hiyo suti mmefunga ndoa?" Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini iliniuma. Siku hiyohiyo dada mwingine wa ofisini akanishauri nichukue nguo kwa mama mmoja anayepita na mabegi kila mwisho wa mwezi. Anatoa mali kauli, unalipa kwa mafungu miezi minne. Anasema naweza kuchukua suti tatu kwa mpigo na "kumaliza kabisa suala la nguo".

Nichukue? Mitumba inafaa kuvaliwa ofisini au ndiyo watanicheka zaidi? Nahitaji nguo ngapi hasa? Na koti la mama, linaweza kuokolewa?

Wako,
Aliyefunga Ndoa na Suti


Marahaba, mwanangu, na hongera. Waliokupandisha cheo walikuona miaka mitatu ukiwa ndani ya ovaroli, kwa hiyo dawati hilo hukupewa kwa ajili ya nguo.

Nianze na mali kauli, maana mwisho wa mwezi hausubiri majibu yangu. Usichukue. Sisemi kila mkopo ni sumu, nasema huu umekuja wakati mbaya. Uko kwenye majaribio, nyongeza hujaiona, na ada ya mdogo wako haina mjadala. Ukibebesha marejesho ya miezi minne juu ya hayo yote, mwezi utakaoyumba utajikuta unachagua kati ya mama wa mabegi na shule. Halafu kuna bei yenyewe. Mwulize siku moja suti hiyohiyo ataiachia kwa kiasi gani ukimpa fedha taslimu hapo hapo. Tofauti atakayokutajia ndiyo riba, hata kama hakuna aliyeitamka.

Lakini hata angekuuzia bila faida ningekuzuia, kwa sababu begi la mtu halikuchagulii wewe. Utapewa saizi alizobaki nazo na rangi alizozikuta alikonunua, tena tatu kwa mpigo, kabla hujajua ofisi hiyo inavaa nini. Na huko "kumaliza kabisa suala la nguo" hakupo. Nguo za kazi huingia moja moja na kutoka moja moja mpaka mtu anastaafu. Anayenunua zote kwa siku moja hujikuta zote zimechakaa kwa msimu mmoja.

Kwa hiyo wiki mbili zijazo usinunue kitu, angalia tu. Usimwangalie yule maridadi kuliko wote, huyo ana mambo yake. Waangalie wanaokaa na wateja, na mkuu wako wa moja kwa moja, tena siku za katikati ya wiki, kwani ofisi nyingi hulegea Ijumaa. Koti wanalivaa siku nzima, au linashinda mgongoni mwa kiti likisubiri mgeni? Wanawake wanavaa suruali, au ni sketi na magauni tu? Viatu vya kuonyesha vidole vipo? Blauzi isiyo na mikono umeiona kwa mtu yeyote mwenye cheo? Ukigundua, kwa mfano, kwamba koti linavaliwa siku ya kikao tu, umeshaokoa fedha nyingi, maana koti ndilo ghali kuliko vyote na wewe unayo mawili.

Katika wiki hizo nenda pia kwa mtu wa utumishi umwulize kama upo mwongozo wa mavazi ulioandikwa, na kama kampuni inatoa posho ya nguo kwa wanaokutana na wateja. Usione haya. Ulipokuwa stoo walikupa sare, na si ajabu kuuliza ni nini kimechukua nafasi yake. Wakisema hakuna, hujapungukiwa.

Sasa idadi. Watu wengi huhesabu nguo walizo nazo, wakati kinachohesabika ni nguo zinazokubaliana. Ukiwa na za chini tatu na za juu nne, na kila ya juu inakwenda na kila ya chini, una mavazi 12. Ongeza koti moja la kuvaa au kuacha, yanakuwa 24, na hapo hujarudia hata mara moja kwa zaidi ya mwezi wa kazi. Ila hesabu hiyo inasimama kwa sharti hilo la kukubaliana. Ukileta sketi ya mistari ya rangi ya chungwa inayoelewana na blauzi moja tu, umeongeza vazi moja, si manne. Ndiyo maana nguo inayokuita kwa mbali dukani mara nyingi ndiyo inayolala kabatini.

Na usidhani hii ni hesabu ya wasio nacho. Mwaka 1985 mbunifu Donna Karan wa New York alipoanza kuuza kwa jina lake mwenyewe, alianza na wazo la vipande saba vya kuvaliana, mwanamke avichanganye kuanzia ofisini hadi jioni. Wateja wake hawakuwa watu wa kuhesabu sarafu. Walikuwa wanawake wenye vyeo na wenye haraka.

Wewe tayari una nyeusi na kijivu, kwa hiyo usiingize rangi nyingine ya msingi. Wengine wangekushauri uanze na bluu iliyokoza, na kweli huficha vumbi na uchakavu kuliko nyeusi, lakini ukiianza leo itabidi kila kitu kinunuliwe upya. Za juu ziwe nyeupe na rangi moja au mbili zinazokukubali usoni. Mimi napenda damu ya mzee juu ya kijivu, hilo ni la kwangu. Blauzi ya maua usiitupe, ivae chini ya koti ili maua yachungulie kidogo tu. Kitu kimoja cha kukwepa ni kutafuta suruali nyeusi ya kuvaa na koti lako jeusi ukitumaini itaonekana suti. Nyeusi za viwanda viwili hugombana juani, moja inavuta kwenye kahawia, nyingine kwenye bluu, hata kama chini ya taa za dukani zilionekana pacha. Koti jeusi lipe suruali ya kijivu, na koti la kijivu lipe nyeusi. Ukiwa na shaka na rangi, toka na nguo hadi mlangoni uitazame kwa mwanga wa mchana.

Ungeniuliza shilingi ya kwanza iende wapi, nisingesema suti. Ningesema viatu. Mtu anayevua viatu chini ya meza hawezi kusimama kumsindikiza mteja bila kuvitafuta kwa vidole kwanza, na hilo linaonekana kuliko blauzi yoyote. Nunua jozi moja nyeusi, kisigino kifupi au bapa, mbele pamefungwa, ngozi halisi kama mfuko unaruhusu. Vijaribu alasiri, kwa sababu miguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na kiatu kinachokubana kidogo asubuhi, ikifika saa kumi jioni kitakuwa adui. Tazama soli: iliyoshonwa fundi viatu anaweza kuing'oa na kuweka nyingine, wakati iliyogandishwa kwa gundi tu mara nyingi ikiachia ndiyo basi. Kiatu rahisi kinachokufa baada ya miezi minane utakinunua mara nne au tano ndani ya miaka mitatu, na kila mara unaanza upya kutokwa malengelenge.

Ukipata uwezo wa jozi ya pili, zipokezane. Ngozi hunywa jasho la mguu na huhitaji siku nzima ikauke, na jozi inayovaliwa kila siku bila kupumzika huoza kwa ndani. Usiku zijaze magazeti, hayo hunyonya unyevu na kushikilia umbo. Usizianike juani wala kuzisogeza karibu na moto, ngozi itapasuka. Kisigino kikianza kulika upande mmoja, kipeleke kwa fundi hapohapo, kikiwa bado ni kazi ya mpira mdogo. Ukisubiri mpaka kile kigumu chenyewe kimelika, utalipia kisigino kizima.

Baada ya viatu, suruali mbili. Za chini ndizo zinazochakaa mapema, kwani ndizo zinazokaliwa. Ndiyo sababu sketi yako imeng'aa ilhali koti lake bado lina sura. Watu wanaojua hununua koti moja na suruali mbili za kitambaa hichohicho. Ukija kununua suti siku za mbele, uliza kama ya chini ya pili inapatikana.

Kuhusu mitumba: inafaa, tena sana. Hakuna mteja atakayekufunua kola kutazama umeitoa wapi. Kati ya koti jipya la bei ya chini na koti la mitumba lililoshonwa vizuri, mimi nachukua la mitumba macho makavu. Lakini mitumba inataka uvumilivu na mwanga wa mchana, na utaratibu wa kuikagua. Nikuonyeshe ninavyofanya.

Koti kwanza lishike kwenye mabega, maana bega likikosea hakuna mazungumzo. Mshono wa bega uishie pale bega lako linapoishia, kifuani pafungike bila kuvuta. Kisha shika kola ya mbele kwa vidole viwili na uisugue taratibu. Ukihisi vitambaa vimeachana, au ukiona vijipovu juu yake, gundi ya ndani imekwisha kuachia na hakuna pasi itakayovirudisha. Ligeuze ndani nje. Bitana ikiwa imechanika kwapani ni kazi ndogo, ila kama kitambaa chenyewe cha nje kimelegea au kimebadilika rangi pale, liache. Nusa kwapa, usione aibu, ulipie ukiwa umeridhika. Harufu ya jasho la zamani kwenye poliesta ni ngumu kutoka.

Suruali iinue juu kuelekea mwanga. Makalioni na katikati ya mapaja ukiona nuru inapenya kama kwenye chandarua, imebakiza wiki chache. Pandisha na kushusha zipu mara kadhaa. Tazama pindo la chini kwa ndani: kuna kitambaa cha ziada cha kuachia, au fundi wa kwanza alikikata chote? Mwisho, kunja sehemu ya kitambaa kwenye ngumi, bana kidogo, kisha fungua. Kikibaki na mikunjo mikali, ndivyo utakavyoonekana baada ya safari ya kufika kazini. Kitani ni kizuri lakini hukunjika kwa kukitazama tu. Sufu nyepesi, au pamba iliyochanganywa na poliesta kidogo, hurudi yenyewe.

Kabla ya kulipa soma lebo ya ndani. Beseni lenye namba linakuambia joto la maji lisilopaswa kuzidi, beseni lenye mkono ni kufua kwa mkono, pasi yenye nukta moja ni moto mdogo na yenye tatu ni moto mkali. Duara ni la dobi wa kufua kwa kemikali. Ukikuta beseni limepigwa msalaba na duara limeachwa, ujue nguo hiyo utailipia kila inapochafuka. Kwa koti, sawa, halifuliwi mara kwa mara. Kwa blauzi inayogusa mwili kila siku, rudisha mahali pake hata kama bei ni ya kutupa.

Viatu vya mitumba mimi sivipendi kwa kazi ya kila siku, kwa sababu soli ya ndani huwa imekwisha kushika mguu wa mtu mwingine. Na chochote ulichonunua kifue kabla hakijagusa ngozi yako.

Sasa fundi cherehani, ambaye ningependa umtengee fungu lake kabla ya fungu la nguo. Nguo ya bei ya chini iliyokukaa huonekana ghali, na ya ghali inayoning'inia huonekana ya kuazima. Kazi nyingi anazofanya ni ndogo: kupunguza kiuno cha suruali, kufupisha pindo, kubana mbavu za blauzi, kuingiza vishikizo viwili vya siri kifuani ili blauzi isifunguke ukiinama. Kuachia, yaani kupanua nguo, kunawezekana pale tu alipokuta kitambaa cha akiba ndani ya mshono, na mara nyingi kipo nyuma ya kiuno. Kinachomshinda, au kitakachokugharimu kuliko nguo yenyewe, ni kuhamisha mabega, kurefusha koti, na kuongeza upana pasipo na kitambaa. Kwa hiyo ukiwa sokoni, chagua inayokukaa mabegani au nyongani, mengine atayamaliza yeye.

Na hapo ndipo koti la mama linapoingia. "Mabega yamejaa" yaweza kuwa mambo mawili tofauti. Livae mbele ya kioo, halafu ingiza mkono chini ya bitana ya bega, au bonyeza tu kwa nje. Ukisikia kitu kinene cha sponji, hizo ni pedi, na pengine ndizo tatizo lote. Fundi atafungua mshono mdogo wa bitana, atazitoa au kuweka nyembamba, atafunga. Kazi ya muda mfupi. Kisha tazama tena mshono wa bega umeangukia wapi. Ukiwa umeshuka chini ya bega lako kwa upana wa kidole kimoja, vumilia, akupunguzie mbavu na mikono tu. Ukiwa umeshuka vidole vitatu au vinne, hilo si koti lako bado. Usiliharibu kwa kulikata. Rudi nalo nyumbani, liweke kama koti la baridi la kuvaa juu ya vingine. Sufu nzuri haichachi. Inachoogopa ni nondo, kwa hiyo lipumzike likiwa safi, ndani ya mfuko wa kitambaa uliofungwa vizuri. Nondo hupenda sufu yenye jasho na mafuta ya mwili.

Akipunguza mikono, mwambie aangalie kama vifungo vya kwenye kifundo cha mkono vinafunguka kweli au ni pambo. Vikiwa na matundu halisi, kufupisha kutokea chini kutaviharibu, na fundi mwangalifu ataomba kufupishia juu begani, kazi ambayo ina bei yake.

Sketi inayong'aa tusiizike haraka. Mng'ao unatokana na nyuzi zilizolazwa kwa msuguano wa kiti na kwa pasi ya moto iliyowekwa moja kwa moja juu ya kitambaa. Chukua kitambaa cha pamba, kichovye kwenye maji yaliyotiwa siki kidogo, kikamue, kilaze juu ya pale panapong'aa, pitisha pasi juu yake bila kukandamiza, kisha piga brashi taratibu wakati pana mvuke. Sufu huinuka. Kama ni poliesta iliyoyeyuka kwa moto haitarudi, na hapo ndipo koti litaachana na sketi na kuanza maisha na suruali ya kijivu. Toka leo nguo zote nyeusi zipigwe pasi kwa ndani, au kitambaa kiwe katikati. Na suti ikienda kufuliwa, koti na cha chini chake viende pamoja hata kama kimoja ni kisafi. La sivyo baada ya mwaka utakuwa na suti ya rangi mbili.

Blauzi nyeupe ndiyo itakayokusumbua. Ule umanjano wa kwapani mara nyingi hauletwi na jasho peke yake. Dawa nyingi za kuzuia jasho zina chumvi za alumini, na hizo zikikutana na jasho ndizo zinazotia doa. Dawa hiyo ipake, isubiri ikauke, ndipo uvae. Ukirudi jioni iloweke sehemu hiyo kwa maji ya baridi na sabuni, usingoje siku ya kufua. Usikimbilie dawa ya klorini, ile wengi wanaiita jiki, kwa kuwa kwenye doa la namna hii huweza kuongeza umanjano, na kwenye vitambaa vyenye mpira huharibu. Zianike kivulini zile za rangi. Sweta zikunje, usizitundike, zitarefuka mabegani. Koti litundike kwenye henga pana. Na droo ya meza yako ofisini iwe na sindano, uzi mweusi, uzi mweupe na kifungo kimoja cha akiba. Hayo hayagharimu hata kiasi cha nauli, na kuna siku yatakuokoa dakika tano kabla ya kikao.

Mkoba na vito sina mengi. Mkoba mmoja mweusi usio na maandishi makubwa, hereni ndogo. Tuendelee.

Yule mwenzako wa "ndoa". Mwaka 2014 mtangazaji wa televisheni wa Australia, Karl Stefanovic, alifichua kwamba alikuwa amevaa suti ileile ya bluu hewani karibu kila siku kwa mwaka mzima, na watazamaji hawakusema kitu. Alifanya hivyo kwa makusudi, baada ya kuona mtangazaji mwenzake wa kike akikosolewa kila mara kwa nguo zake. Kwa hiyo usidhani mzaha ule ulihusu suti tu. Mwanaume mwenye suti moja safi huitwa nadhifu, mwanamke mwenye suti moja safi huhesabiwa siku. Simwambii mtu asiumie, ila sitaki uende kukopa kwa sababu ya kicheko cha ukumbi mmoja. Akirudia, mwambie kwa tabasamu, "Ndiyo, na ndoa yetu haina madeni," kisha rudi kwenye kazi yako. Utashangaa ni wangapi kati ya waliocheka wana daftari lao kwa mama wa mabegi.

Mpangilio wangu kwako ni huu. Mshahara ujao: viatu, pamoja na fundi kwa koti la mama. Wakati huo unavaa ulichonacho, blauzi nyeupe na ya maua kwa kupokezana, koti jeusi siku za wateja. Mshahara unaofuata: suruali ya kijivu, na blauzi moja ya rangi. Wa tatu: suruali nyeusi na blauzi nyingine nyeupe, kwa kuwa ile ya kwanza itakuwa imechoka. Ukifika hapo utakuwa na za chini tatu tukihesabu na sketi ikipona, za juu nne, makoti mawili, na hudaiwi na mtu. Mwezi ambao ada ya mdogo wako imekula kila kitu, ruka. Hakuna kitakachoharibika kwa kuchelewa mwezi mmoja. Suti mpya kamili, kama bado utaitaka, isubiri nyongeza ya mshahara iingie mkononi.

Jambo la mwisho: siku ya kupima pindo la suruali, nenda kwa fundi na hivyo viatu vipya mguuni, usimame wima ukitazama mbele, usiiname kumchungulia anapobana pini. Ukiinama, pindo linahama mahali pake, na suruali itarudi na urefu usio wako.

Shangazi